Ndege wa Kukaribishwa na Ndege wa Kufukuzwa: Historia ya Shamba na Ua Katika Lukenya

Kilima cha Lukenya, kilichoko katika Kaunti ya Machakos yapata kilomita 40 kusini-mashariki mwa jiji la Nairobi, kimekaa mpakani mwa nchi mbili ambazo tangu zamani zimewafunza wakazi wake kuishi na ndege kwa namna mbili tofauti. Upande mmoja zimetandaa mbuga za Athi na Kapiti, nchi ya nyasi, mifugo na wanyamapori. Upande wa pili inaanza milima ya Wakamba, nchi ya mashamba ya nafaka na mikuyu. Siku hizi, katika viwanja vilivyomegwa kutoka ranchi za zamani, wapo wakazi wanaotundika vilishio, yaani visahani au visanduku vya kuwawekea ndege chakula, nao hutafuta njia ya kuwavuta ndege wanaowapenda na kuwaepuka wale wanaovamia na kumaliza kila kitu. Jambo hilo linaweza kudhaniwa kuwa geni, tena la watu wenye nafasi, lakini historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kuchagua ndege ni kazi ya kale sana. Kilichobadilika ni chakula kinachogombaniwa, mtu anayepewa jukumu la kukilinda, na kiasi cha hasara ambacho mwenyeji anaweza kukivumilia.

Ushahidi wa kale zaidi unaomhusisha binadamu na ndege kilimani hapo unamhusu mbuni. Katika pango la mwamba ambalo wanaakiolojia wamelipa alama ya GvJm-22, uchimbaji uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulifukua kipande cha fuvu la binadamu pamoja na zana ndogo za mawe, mifupa ya wanyama na vipande vya maganda ya mayai ya mbuni. Umri wa fuvu hilo ulibaki ukijadiliwa kwa muda mrefu, hadi mwaka 2015 watafiti walipochapisha matokeo ya kupima kaboni iliyomo katika maganda hayo na kulikadiria kuwa la kati ya takribani miaka 22,900 na 23,600 iliyopita. Hivyo gamba la yai, ambalo watu wa Afrika Mashariki wa enzi hizo walilitoboa na kulisugua wakatengeneza shanga, ndilo lililofichua umri wa mmoja wa wakazi wa kwanza wa Lukenya wanaojulikana.

Kumlisha ndege kwa makusudi ni jambo lingine, na mfano wake bora katika eneo hili la Afrika ni wa mwongoza-asali, ndege mdogo wa rangi ya udongo anayekula nta na mabuu ya nyuki lakini asiyeweza kuupasua mzinga peke yake. Ndege huyo humwendea mtu, akalia kwa kurudiarudia, kisha huruka kutoka mti hadi mti mpaka amfikishe penye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hutoa asali, na ndege hupata masega yaliyosalia. Utafiti uliofanywa na Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba watu waliotafuta nyuki bila kuongozwa walitumia wastani wa saa 8.9 kuufikia mzinga, ilhali walioongozwa walitumia saa 3.2. Desturi ya kumwachia ndege sega kama malipo imeenea katika jamii nyingi za warina asali, lakini Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, wameonekana wakiichoma au kuifukia nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa inathibitisha kwamba hata katika maisha ya porini, mbali na ua wowote wenye uzio, watu walikwisha kufahamu kwamba kiasi cha chakula kinachoachwa, na mahali kinapoachwa, ndicho kinachoamua ndege atarudi lini na kwa nani.

Kwa Wakamba, ambao ni wafugaji mashuhuri wa nyuki na ambao mizinga yao ya magogo bado inaning'inia mitini katika sehemu nyingi za Ukambani, elimu hiyo iliandamana na nyingine iliyohusu miti. Mahali pa ibada palipoitwa ithembo palikuwa kwa kawaida chini ya mti mkubwa, mara nyingi mkuyu, na miti ya hapo haikukatwa wala matawi yake hayakuokotwa kuni. Mkuyu ukizaa hulisha shore, kuzumburu, kwezi na njiwa wa kijani kwa wakati mmoja, bila kumnyima yeyote na bila mtu kuugharimia. Hakuna aliyeupanda mti wa ithembo kwa nia ya kulisha ndege. Hata hivyo, katika nchi ambamo miti ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, makaa na nguzo, vichaka hivyo vilivyolindwa kwa heshima viligeuka kuwa ghala la ndege wala matunda, na ni vigumu kutaja kilishio chochote cha kisasa kilichofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Lakini ndege aliyeshughulisha watu wengi zaidi, kwa siku nyingi zaidi, alikuwa mla nafaka. Kabla mahindi hayajatawala, Wakamba walipanda mtama, ambao kwa Kikamba huitwa muvya, uwele, ambao huitwa mwee, pamoja na wimbi, na nafaka zote hizo huzaa masuke yaliyo wazi, yasiyofunikwa na kitu chochote, kiasi kwamba ndege hulazimika tu kutua na kula. Kipindi cha hatari kilianza punje zilipojaa maziwa, yaani zikiwa bado laini na zenye utomvu mweupe, na kiliendelea kwa majuma kadhaa hadi siku ya mavuno. Katika muda huo wote shamba liliamiwa. Kuamia ni kukaa shambani kutwa kwa ajili ya kufukuza ndege, na kazi hiyo, katika Ukambani kama ilivyokuwa pwani na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, iliangukia hasa watoto na wanawake.

Mwamiaji alijengewa dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, ambalo lilimwezesha kuliona shamba lote na kuonekana kutoka kila pembe yake. Silaha yake ilikuwa kombeo, ukanda uliosukwa kwa nyuzi za magome na baadaye za katani, wenye kifuko katikati cha kubebea kokoto au donge la udongo, na mtoto aliyezoea aliweza kulirusha donge hilo likapasukia juu ya kundi la ndege bila kuyavunja masuke. Palikuwa pia na kamba zilizofungwa kutoka dungu hadi pembe za shamba, zikiwa zimening'inizwa vibuyu, vigae au, baada ya bidhaa za viwandani kufika, makopo matupu, hivi kwamba mvuto mmoja uliamsha kelele mahali palipo mbali na mlinzi. Saa za kazi zilipangwa na ndege wenyewe. Ndege wala mbegu hula kwa pupa asubuhi na mapema, hupumzika vivulini jua linapokuwa kali, na hurudi alasiri kujaza matumbo kabla ya kulala. Mwamiaji aliyechelewa kufika alfajiri alikuwa amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno ya siku, na aliyesinzia adhuhuri hakupoteza sana.

Ni kosa kuifikiria kazi hiyo kama kelele tupu. Kuamia kulidai ujuzi wa kuwatofautisha wageni. Mnana waliokuwa wakijenga viota katika mti wa jirani walikula kidogo kidogo, siku zote, na waliweza kuzuiwa kwa kuondoa tawi walilopenda kutua karibu na shamba. Tetere walikula punje zilizoanguka chini na hawakuhitaji kusumbuliwa mno. Kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu ambaye uzito wake hauzidi sana gramu 20, alikuwa msiba wa aina nyingine kabisa. Kwelea hupendelea mbegu za nyasi za mwituni, na huhama kwa makundi makubwa kufuata mvua. Mbegu za porini zinapokwisha au zinapoota kwa pamoja baada ya mvua kunyesha, kundi huhamia mashambani. Ndege mmoja anakadiriwa kula na kuharibu takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja, ambalo kwa kwelea si kubwa, linaweza kuondoa tani 10 kati ya mawio na machweo. Mbele ya kundi la namna hiyo kombeo la mtoto lilikuwa na faida moja tu, ile ya kulisukuma kundi kwenda kwenye shamba lisilo na mtu, na ndiyo maana majirani walipanda kwa pamoja na kuamia kwa pamoja, kwani shamba lililoiva peke yake lilikuwa kama limealika.

Wakulima walichagua pia mbegu kwa kuzingatia ndege. Zipo aina za uwele ambazo suke lake limejaa nywele ngumu zinazomchoma ndege machoni, na zipo aina za mtama zenye punje za kahawia zilizo na tanini, dutu chungu inayokausha ulimi, ambazo ndege huzila pale tu wanapokosa nyingine. Wataalamu wa kilimo walilifuata wazo hilo katika karne ya 20: mtama wa Serena, uliozalishwa katika kituo cha Serere nchini Uganda na kusambazwa Afrika Mashariki, ulikuwa na punje za kahawia na ulistahimili ndege kuliko mitama myeupe. Gharama yake ilikuwa ladha, kwa kuwa uchungu uliomfukuza ndege haukumpendeza mlaji wa ugali pia.

Utaratibu huo wote ulidhoofika katika karne ya 20, na sababu zake hazikuhusu ndege moja kwa moja. Chini ya utawala wa Waingereza nyanda za kuzunguka Lukenya zilitengwa kuwa ranchi za walowezi, huku Wakamba wakibanwa katika eneo la hifadhi la milimani. Mgogoro wa ardhi na malisho ulifikia kilele mwaka 1938, serikali ilipojaribu kuwapunguzia mifugo kwa nguvu na Muindi Mbingu akaongoza maandamano ya Wakamba hadi Nairobi. Ardhi ilivyozidi kubanwa, ndivyo mahindi yalivyozidi kupendelewa. Hindi limefungwa katika maganda, na kwa hiyo halihitaji mlinzi kutwa. Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi inayokomaa mapema na inayofaa mvua haba, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la kituo hicho. Wakati huohuo watoto, waliokuwa jeshi la dungu, waliingia darasani, kwanza kwa wingi baada ya serikali kufuta ada za madarasa ya chini mwaka 1974, na kisha kwa wingi zaidi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003. Mtama usio na mwamiaji haulimiki, na mahindi yakachukua nafasi yake hata mahali ambapo mvua haiyatoshi. Njaa zinazoipiga Ukambani mvua zinapokosekana zina sababu nyingi, lakini historia yake haijakamilika ikiwa haitaji kwamba zao linalostahimili ukame liliachwa, kwa sehemu, kwa kukosa wa kulilinda dhidi ya ndege.

Pale ambapo nafaka za wazi ziliendelea kulimwa kwa eneo kubwa, serikali ziliingia mahali pa mwamiaji. Tangu katikati ya karne hiyo makundi ya kwelea yalishambuliwa mahali yanapolala au kuzaliana, mwanzoni hata kwa baruti na moto, na baadaye kwa kunyunyiziwa kutoka angani sumu iitwayo fenthioni, ambayo huharibu mfumo wa neva. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, lilipewa pia jukumu la kushughulikia kwelea, na Januari 2023 sumu hiyo ilinyunyiziwa tena nchini Kenya, kwelea walipoyavamia mashamba ya mpunga ya Kaunti ya Kisumu. Udhaifu wa njia hii ni mkubwa kuliko ule wa kombeo. Kombeo lilimfukuza ndege aliyetua shambani na likamwacha aliyepita; sumu haina uwezo huo, kwa maana tai, mwewe na bundi humla kwelea anayekufa nao wakadhurika, na ndege wengine wanaolala katika matete yaleyale hufa pamoja naye. Wakulima wa Kondoa, nchini Tanzania, ambao kwa muda mrefu wamewatega kwelea kwa ajili ya kitoweo na kuwauza sokoni, wameonyesha njia yenye busara zaidi, ingawa haiwezi kumaliza kundi zima.

Historia ya Afrika Mashariki ina pia mfano wa kinyume, wa ndege aliyeletwa kwa hiari kisha akashindikana kufukuzwa. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja kwa matumaini kwamba wangekula takataka za mji. Walikula takataka, na walikula pia mayai na makinda ya ndege wenyeji, wakaongezeka, wakavuka bahari. Mwaka 1947 walionekana Mombasa, na tangu hapo wamekuwa wakipanda bara kwa kufuata miji na majaa yake. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Kunguru anayeonekana Lukenya ni mwingine, yule mwenyeji mwenye kifua cheupe, na mwenye ua anayetupa mabaki ya nyama na ugali nje anapaswa kukumbuka kisa cha Unguja, kwani makombo ya jikoni ndiyo yaliyowakaribisha wageni hao huko, na ndiyo yanayoendelea kuwalisha.

Desturi ya kuwawekea ndege chakula uani kwa ajili ya kuwatazama tu ilitoka Ulaya, ambako ilizaliwa na baridi. Majira ya baridi kali ya mwaka 1890 hadi 1891 yaliyafanya magazeti ya Uingereza kuwahimiza wasomaji kuwalisha ndege waliokuwa wakifa kwa njaa, na nchini Ujerumani Hans von Berlepsch alibuni vilishio na viota vya mbao ambavyo viliigwa kwingi. Walowezi walioileta desturi hiyo Kenya waliikuta nchi isiyo na theluji, ambayo njaa yake huja na kiangazi. Kwa upande mwingine, elimu ya ndege ilipata makao Nairobi mapema, chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka 1909, na ilifunguliwa kwa umma mpana zaidi mwaka 1971, Fleur Ng'weno alipoanzisha matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, ambayo yamewalea waongozaji na watafiti wengi wa Kenya. Ranchi zilipouzwa, zikamilikiwa na vyama vya ushirika, kisha zikagawanywa viwanja, nyumba nyingi zilianza kujengwa miguuni mwa Lukenya, na pamoja na nyumba vikaja vilishio.

Mazingira ya Lukenya huipa desturi hiyo sura yake. Mahali ambapo mvua hukatika kwa miezi, karai la maji lisilo na kina, lenye jiwe katikati la kukanyagia, huvuta ndege wengi zaidi kuliko nafaka, na huwavuta hata wala wadudu na wala asali ambao uwele hauwahusu. Chozi, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda anayefyonza maua, huja kwa mishubiri na kwa mwamba-ngoma unapochanua maua mekundu. Kuzumburu na shore hufuata papai na ndizi mbivu, pamoja na tumbili. Mwenye kupanda, basi, amekwisha kuchagua wageni kabla hajanunua punje moja.

Punje ndizo zenye ugomvi. Uwele ukimwagwa katika sahani iliyo wazi, wa kwanza kufika huwa ni njiwa na mnana, ambao hula upesi na kwa wingi, na ndege wadogo zaidi, wale wekundu na wa buluu, hubaki vichakani wakingoja. Kuna pia fumbwe dume, mweusi na mweupe, mwenye mdomo mwekundu na mkia mrefu kuliko mwili wake, ambaye katika majira ya kuzaliana hukimiliki kilishio kana kwamba ni chake, akiwashukia kwa zamu ndege wanaomzidi ukubwa. Jike lake hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo, ambao huyalea makinda ya fumbwe pamoja na yao. Mwenye ua anayewakaribisha wenye viota hivyo, kwa hiyo, amemkaribisha na yeye. Wakazi wenye uzoefu hukizungushia kilishio wavu wenye matundu ya sentimita 4 hivi, ambamo wadogo hupenya na njiwa hukwama; hunyunyiza sehemu ya uwele chini, karibu na kichaka cha miiba ambamo wadogo hukimbilia mwewe akipita; huweka kidogo asubuhi na kuacha kiishe, ili panya wasije usiku na ukungu usiote; na huosha sahani, kwa sababu ndege wanaobanana mahali pachafu huambukizana maradhi. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na mwenzake katika shamba la muvya: kuondoa tawi la kutulia, kuzijua saa za kula, kujua ni nani wa kuachwa na ni nani wa kufukuzwa.

Mtama wenyewe umerudi Ukambani. Aina nyeupe iitwayo Gadam, inayokomaa upesi na inayotakiwa na viwanda vya bia, imekuwa ikilimwa kwa mikataba katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na kwa kuwa punje zake hazina uchungu wa tanini, ndege huipenda sana. Watoto wako shuleni, hivyo mkulima hukodi watu wazima wa kuamia tangu punje zinapojaa maziwa, na ujira wao huondolewa katika bei ya gunia. Mnana anayefukuzwa katika shamba hilo alfajiri anaweza kuwa yuleyule anayelishwa saa moja baadaye nyuma ya uzio wa jirani, kwa uwele ulionunuliwa dukani, na mpaka sasa hakuna makubaliano kati ya pande hizo mbili kuhusu majuma ambayo vilishio vingepaswa kubaki vitupu.